Majina ya Waalbania: yanayosikika ya kale ndiyo mapya

Mashabiki wa Arsenal wanamkumbuka Granit Xhaka (tamka "Jaka"). Kaka yake, Taulant, hajulikani sana huku kwetu. Tarehe 11 Juni 2016, mjini Lens, Taulant aliichezea Albania dhidi ya mdogo wake aliyekuwa upande wa Uswisi. Mimi ni mtafiti wa majina ya watu, na jina la huyu mkubwa lina mambo mengi. Taulantii lilikuwa kabila la Wailiria, wenyeji wa pwani ya Adriatiki kabla Warumi hawajaiteka.

Msomaji atadhani jina hilo limerithiwa baba kwa mwana miaka elfu mbili. Sivyo. Shujaa mkuu wa Albania, Skanderbeg, aliyefariki 1468, aliitwa Gjergj, yaani George wa Wakristo, na Waosmani wakampa jina la Skënder, ambalo ni Iskanda. Wakatoliki wa kaskazini waliitana Gjon, Pal na Zef. Waorthodoksi wa kusini, Spiro na Vangjel. Chini ya Waosmani, waliotawala hadi 1912, wengi walisilimu, wakazaliwa akina Mehmet, Fatime na Hatixhe. Hao wa mwisho ni Fatuma na Khadija wetu.

Majina ya Kiiliria yalitoka vitabuni. Wasomi wa karne ya 19 walitafuta mababu walio wakongwe kuliko misikiti na makanisa, wakawapata kwa wanahistoria wa Kigiriki na Kirumi: mfalme Agron, mjane wake Teuta, aliyepigana na Roma mwaka 229 KK, na Gent, aliyeshindwa na Roma mwaka 168 KK.

Kisha serikali ikaingilia kati. Enver Hoxha, kiongozi wa kikomunisti wa Albania, alipiga marufuku dini mwaka 1967, na mwaka 1975 ikatolewa amri kwamba wenye majina yasiyofaa kisiasa, kiitikadi au kimaadili wayabadilishe. Huo ulikuwa udhalimu: mtu kulazimishwa aache jina alilopewa na bibi yake. Enver lenyewe ni Anwar, jina la Kiarabu. Wazazi wengine waliwaita watoto wao Marenglen, kwa kuunganisha Marx, Engels na Lenin.

Kosovo, nchi jirani yenye Waalbania wengi iliyokuwa chini ya Yugoslavia, hakukuwa na amri hiyo. Huko wazazi walichagua Dardan (kutoka Wadardani, watu wa kale wa eneo hilo), Teuta au Taulant kwa hiari, kuionyesha Yugoslavia kwamba wao ni wenyeji. Baba yao akina Xhaka, aliyetoka Kosovo, aliwahi kufungwa kwa kuandamana dhidi ya serikali hiyo, kwa hiyo sishangai mwanawe kuitwa Taulant.

Ninayoyapenda zaidi, hata hivyo, ni yale yaliyotokana na maneno ya kila siku: Agim ni alfajiri, Drita ni nuru, Shpresa ni tumaini, Besnik ni mwaminifu, Flutura ni kipepeo. Wapo wanaoitwa kwa mito, kama Vjosa na Valbona. Yupo Ujk, mbwa mwitu, na Hekuran, kutoka neno la chuma, ili mtoto awe imara. Linaloniumiza ni Mjaftime, kutoka "mjaft", inatosha: alipewa binti aliyezaliwa katika nyumba iliyokuwa ikisubiri mvulana.

Na kwa wanaoniuliza kuhusu mwimbaji Dua Lipa, aliyezaliwa London na wazazi kutoka Kosovo: jina lake halitokani na dua tunazoomba. Katika Kialbania, "dua" ni kitenzi: nataka, au napenda.