Je, wajua mshairi huyu wa vita hakuandika shairi hata moja vitani?

Kwa miaka mingi nilimweka Edward Thomas kwenye fungu lisilo lake. Nilijua mambo mawili tu juu yake: kwamba ni Mwingereza aliyeandika mashairi ya mashamba, vijia na misitu, na kwamba aliuawa Arras, Ufaransa, tarehe 9 Aprili 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza. Yaliyobaki nikajijazia mwenyewe. Nikamwona yuko handakini, matope yamemfika magotini, daftari mkononi, anakumbuka maua ya kwao huku mizinga ikinguruma. Niliwahi hata kumsimulia mtu hivyo, kwa kujiamini kabisa.

Sivyo. Shairi lake la mwisho aliliandika katikati ya Januari 1917, akiwa bado Uingereza. Alivuka kwenda Ufaransa mwishoni mwa mwezi huohuo, na baada ya wiki kumi alikuwa amekufa. Katika wiki hizo aliandika barua na shajara, na mwishoni mwa shajara kuna mistari mitatu ambayo huenda ingezaa kitu. Basi. Mashairi yake yote, kama 140 hivi, yalitoka kati ya Desemba 1914 na Januari 1917, nyumbani kwake katika kijiji cha Steep, Hampshire, na baadaye katika kambi za mafunzo, ambako kazi yake mojawapo ilikuwa kuwafundisha askari wenzake kusoma ramani.

Nikishalirekebisha hilo, jingine likaanguka. Mtu wa mashamba? Alizaliwa Lambeth, London, mwaka 1878, kwa wazazi wenye asili ya Wales. Mashamba aliyajua kwa miguu, kwa kuyatembea maili baada ya maili.

Halafu likaja la Adlestrop, lililonikera kuliko yote kwa sababu ndilo shairi nililolipenda kwanza. Treni inasimama kwenye kituo kidogo siku ya joto. Hapandi mtu, hashuki mtu. Mvuke unafoka, mtu mmoja anakohoa kusafisha koo, kuna majani na maua ya porini, ndege anaimba. Nilidhani hiyo ni picha iliyopigwa papo hapo. Kumbe daftari lake la tarehe 24 Juni 1914 lina vituo viwili. Adlestrop kuna ndege, mvuke na jukwaa tupu. Maua na yule mtu wa kukohoa yako kwenye kusimama kwa pili, mbele kidogo, nje ya Campden. Shairi aliliandika Januari 1915, akavishona vituo viwili kuwa kimoja. Kituo chenyewe kilifungwa mwaka 1966, na kibao chake cha jina sasa kimo ndani ya kibanda cha kusubiria basi kijijini, ambako watu husafiri kwenda kutazama mahali ambapo mtu hakukohoa.

Swali linalobaki ndilo zuri zaidi. Ikiwa handaki halikumfanya mshairi, ni nini kilichomfanya aanze ghafla, akiwa na miaka 36, baada ya kuandika nathari tu tangu ujana?

Historia yenyewe ni fupi. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1897. Akaoa mapema, akapata watoto watatu, akaishi kwa kalamu: vitabu vya kuagizwa, safari za kuandikwa, na mamia kwa mamia ya tahakiki za vitabu vya wengine. Mwaka 1913 akakutana na mshairi Mmarekani Robert Frost, aliyekuwa bado hajulikani. Mwaka uliofuata Frost akamwonyesha kurasa za kitabu cha safari cha Thomas mwenyewe, kiitwacho In Pursuit of Spring, na kumwambia kwamba hapo ameandika ushairi tayari, ila ameupanga kama nathari.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nililiona kama sifa tupu za rafiki. Lakini lilikuwa maelezo ya kiufundi, na ufundi wenyewe unahitaji subira kidogo.

Sisi tuliolelewa kwenye arudhi tunahesabu silabi: nane kwenye ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mstari, nane kwenye utao, nusu ya pili, vina mahali pake. Kuhesabu silabi kunatutosha kwa sababu mkazo wetu haurandi. Karibu kila neno hukaziwa silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza si hivyo. Neno moja hukazwa mwanzo, jingine mwisho, na vineno vidogo huteleza bila mkazo wowote. Ndiyo maana washairi wao walihesabu pia mapigo: silabi kumi, mapigo matano, jepesi na zito, jepesi na zito, kama mchi kwenye kinu. Mshairi mtiifu mno huishia kutwanga tu.

Sasa chukua neno letu "haya". Likiandikwa ni herufi nne. Mama akimwambia "haya" mtoto aliyemaliza chakula, ni ruhusa ya kwenda kucheza. Akilivuta, "haaaya", mtoto anajua kuna fimbo. Likitoka fupi na kavu kwa mtu aliyechoshwa na ubishi, maana yake ni "fanya utakavyo, mimi simo". Na kama umewahi kupanga chumba chenye ukuta mwembamba, unajua kwamba majirani wakiongea usiku husikii neno hata moja, lakini unajua nani anabembeleza, nani ana mashaka, na nani keshakata shauri. Frost alitoa mfano huohuo, wa watu wanaoongea nyuma ya mlango uliofungwa. Kinachovuka mlango ni umbo la sentensi. Yeye aliliita sauti ya maana, na alidai kwamba ushairi unazaliwa pale sauti hiyo inapolazwa juu ya mapigo bila ya moja kuliua jingine. Kinu kiendelee chini, na juu yake mtu aongee kama yuko barazani. Mwimbaji wa taarabu anayechelewa makusudi nyuma ya ngoma, kisha akaikuta mbele, anaujua mchezo huu bila kufundishwa.

Nathari ya Thomas ilikuwa na sauti hiyo tayari: sentensi za mtu anayesita, anayejirekebisha, anayerudi nyuma. Alichokosa ni kinu. Na hapa tuna bahati, kwa sababu karatasi zipo. Mnamo Novemba 1914 aliandika kipande cha nathari juu ya kichaka fulani chenye harufu kali kilichopandwa mlangoni. Mwanzoni mwa Desemba kipande hichohicho kikawa shairi, Old Man. Mmea huo ni wa jamii moja na pakanga, ileile ambayo Mithali imeifanya kipimo cha uchungu. Mtoto mdogo anapita, ananyofoa ncha ya tawi, anainusa na kuisaga vidoleni bila kuwaza. Baba naye ananusa. Hakuna anachokumbuka. Ananusa tena. Anahangaika hata na jina la mmea, analigeuza, analiacha. Mwishowe anaona njia yenye giza, isiyo na jina wala mwisho. Shairi halina kina hata kimoja, lakini mapigo yapo chini kwa chini, na kusita kwake kunasikika kama mtu anayeongea na wewe huku anatazama pembeni.

Frost mwenyewe alimtania kwa shairi maarufu la njia mbili msituni, maana Thomas kila wakitembea alikuwa akijuta kwamba hawakupita kule kwingine. Watu wengi hulisoma kama wosia wa ushujaa. Wamesikia maneno, hawajasikia jirani nyuma ya ukuta.

Nisimpe Frost sifa zote lakini. Katika kitabu chake juu ya mhakiki Mwingereza Walter Pater, mwaka 1913, Thomas alikuwa ameshalalamikia uandishi uliotengana na ulimi. Vita navyo vilikausha kazi za magazeti, akapata nafasi ambayo hakuwahi kuwa nayo. Kipi kilisukuma zaidi, kila mwandishi wa maisha yake anapima kwa mizani yake.

Na vita vimo katika mashairi, ila vinaingia kwa mlango wa uani. Katika As the Team's Head-Brass, la mwaka 1916, mtu ameketi juu ya gogo la mti ulioangushwa na dhoruba ya theluji, akitazama mkulima na farasi wake wakilima. Kila plau inapofika pembeni, wanabadilishana maneno kidogo, kisha farasi wanageuka na mazungumzo yanakatika kama dakika kumi. Mti utaondolewa lini? Vita vikiisha. Mwenzake mkulima aliuawa Ufaransa siku yake ya pili, usiku uleule wa dhoruba. Angekuwepo, wangekuwa wameshauhamisha mti. Hayo tu. Gogo liko pale kwa sababu mtu hayupo.

Thomas alijiunga na jeshi Julai 1915, ana miaka 37 na familia, bila kulazimishwa na mtu. Aliuawa siku ya kwanza ya mapigano ya Arras, Jumatatu ya Pasaka, akiwa luteni usu wa mizinga. Ilisimuliwa muda mrefu kwamba mshindo wa kombora ulimkata pumzi bila kumwachia jeraha, na shajara yake yenye kurasa zilizojikunja ikatolewa kama ushahidi. Baadaye ikaibuka barua ya kamanda wake inayosema alipigwa kifuani, moja kwa moja. Ni barua moja, lakini aliyeiandika alikuwa kamanda wake, na mimi naiamini kuliko mikunjo ya karatasi. Diwani yake ilitoka Oktoba 1917 kwa jina lake halisi, likifuatwa na la Edward Eastaway, alilokuwa amejificha nalo ili wahakiki wenzake wasimhukumu kwa jina.

Shajara hiyo ndiyo kitu cha karibu zaidi tulichonacho na yale mashairi ya handakini niliyoyabuni. Imejaa makombora, baridi na ndege. Mwezi Februari, katikati ya hesabu za mizinga, amejiuliza kama fuko, huko chini aliko, huwahi kupigwa na kombora.