"Maji hayana madhara" na mengine tunayoambizana njiani

Jumapili saa kumi na moja na nusu alfajiri, jua halijachomoza upande wa Igoma, kundi letu la wakimbiaji hapa Mwanza huwa tayari karibu na Jiwe la Bismarck. Kamba za viatu zikifungwa, ushauri unaanza kutolewa bure. Mwingine ni mzuri. Mwingine unaweza kuua.

"Kunywa kabla hujasikia kiu, maji hayana madhara." Hii ndiyo inayonitisha zaidi. Mtu anayekimbia taratibu kwa saa tano, akisimama kila meza ya maji na kumaliza chupa, anaweza kuingiza maji mengi kuliko jasho analotoa. Sodiamu (madini ya chumvini) kwenye damu inashuka, maji yanaingia kwenye seli, na ubongo unavimba. Dalili zake zinadanganya: kichefuchefu, kichwa kuuma, kuchanganyikiwa. Wenzake wanasema "kaishiwa maji huyu," wanamwongezea chupa nyingine! Katika marathoni ya Boston, Marekani, ya mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 baada ya kumaliza, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka. Dalili kubwa ya nani amepatwa ilikuwa kuongezeka uzito wakati wa mbio. Mkimbiaji mmoja alifariki mwaka huo kwa tatizo hilohilo. Vinywaji vya wanamichezo navyo havimkingi anayekunywa kupita kiasi, maana chumvi yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya damu.

Kiu inatosha kuwaongoza wengi wetu. Anayetaka hesabu atumie mizani. Mimi nilijipima kabla ya kutoka, kilo 71. Nikaenda njia ya uwanja wa ndege na kurudi, saa moja na nusu, nikanywa nusu lita. Niliporudi nikasoma 69.8. Kilo 1.2 zilizopotea, jumlisha nusu lita niliyokunywa: jasho kama lita 1.7, yaani lita moja na kidogo kwa saa. Jirani yangu anayekimbia nami hafikishi hata nusu ya hiyo. Sasa nani amwambie mwenzake anywe kiasi gani?

"Asubuhi ya mbio piga supu ya sangara, upate nguvu." Supu naipenda, ila baada ya mbio. Mwili unaokimbia kwa kasi unategemea sana wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini, na akiba hiyo huisha baada ya saa moja na nusu hadi mbili hivi. Ndiyo maana mtu aliyepita Kirumba akicheka unamkuta baadaye amekaa ukingoni, miguu imegoma. Akiba hujazwa siku moja au mbili kabla, kwa wali, ugali na viazi vitamu. Asubuhi yenyewe, saa mbili hadi nne kabla ya kuanza, uji au mkate na chai vinatosha. Mafuta na nyama hukaa tumboni muda mrefu.

Mbio zikizidi saa moja na nusu, ongeza wanga njiani, gramu 30 hadi 60 kwa saa. Ndizi mbivu ya wastani ina kama 25, kijiko kikubwa cha asali kama 17. Kuna siku nilijiona mjanja nikabeba matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, mfukoni. Ni wanga safi wa nyumbani, lakini jaribu kuyatafuna ukipanda mlima wa Bugando! Kipande kilinikaa shavuni mpaka nikateremka upande wa pili. Chochote utakachotumia siku ya mbio, kijaribu kwanza mazoezini. Tumbo nalo hufundishwa.

"Ukinywa huku unakimbia utapata kichomi." Ukigugumia nusu chupa ya juisi tamu, inawezekana. Mafunda madogo hayana shida.

"Misuli ikikaza ni chumvi imeisha." Mara nyingi ni uchovu wa misuli: umeanza kwa kasi usiyoizoea. Simama uinyooshe taratibu, utaona inaachia.

La mwisho si la kunywa, ila kila Jumapili lazima mtu alitaje: kutumbukiza miguu ziwani ipoe. Vijidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono wa kingo za ziwa na kupenya ngozi isiyo na jeraha ndani ya dakika chache, hata usipomeza tone. Beseni la maji ya bomba linapoza vilevile, na halina konokono.