Bei elekezi ni nini, na kwa nini dukani unalipa nyingine

Bei elekezi ni bei ambayo kiwanda, msambazaji au mamlaka fulani inapendekeza bidhaa iuzwe kwa mlaji. Utaikuta imechapwa kwenye chupa au kasha, imebandikwa kwenye bango la kampuni mlangoni mwa duka, au imetangazwa redioni. Waliopanga wameshapiga hesabu yao: gharama za kutengeneza, kodi, faida ya wakala, ya duka la jumla na ya muuza duka wa mtaani, wakapata namba moja wanayoamini mnunuzi ataimeza. Namba ni moja lakini maduka ni maelfu, na kila duka lina nauli yake, pango lake na majirani zake.

Usiichanganye na bei kikomo. Kwa petroli, dizeli na mafuta ya taa, EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji Tanzania, hutangaza bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa inayoruhusiwa, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mji kwa mji, na Tanga ina hesabu yake kwa kuwa meli za mafuta hushusha pia kwenye bandari yake. Kituo cha mafuta cha Chumbageni, hapa Tanga mjini, kinaruhusiwa kuuza chini ya kikomo hicho, ila kikiuza juu yake kimevunja sheria. Ukitaka kuhakiki, piga *152*00# ufuate maelekezo. Bei iliyochapwa kwenye chupa ya juisi haina meno ya namna hiyo. India inayo: bidhaa iliyofungashwa huandikwa bei ya juu kabisa, kodi ikiwamo, na kuizidi ni kosa. Ufaransa nao, kwa upande wa vitabu, wamebana kutoka chini: sheria ya 1981 hairuhusu muuza vitabu apunguze zaidi ya asilimia 5 ya bei aliyoweka mchapishaji.

Sasa njoo kwenye sukari, ambako mambo ni matamu kuliko yanavyoonekana. Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika, mvua zikiwa zimevuruga uvunaji wa miwa, na serikali ikatangaza bei elekezi. Bei hiyo ilikuwa ya kilo. Lakini simama jioni kwenye duka la Makorora usikilize watu wanavyonunua. "Nipimie robo." "Nipe robo, na majani ya chai ya mia mbili." Kilo nzima hutajwa kwa nadra, labda kuna mgeni au karibu na mfungo.

Tuseme kilo imeelekezwa iuzwe shilingi 3,000. Robo yake ni 750. Mwenye duka atakuambia 800, na sababu anazo: chenji ya hamsini haipatikani, kifungashio amekinunua, na gunia la kilo 50 likipimwa robo robo halitoi robo 200 kamili, maana nyingine humwagika, nyingine hubaki kwenye kijiko, na sisimizi nao wana fungu lao. (Ukiikazania hamsini yako utapewa pipi.) Mama anayenunua robo moja kila siku, siku ya nne ameshalipa 3,200 kwa kilo moja. Hakuna aliyemdanganya. Mwenye duka ataapa kwamba kilo kwake ni 3,000, na ukimpelekea 3,000 atakupa kilo. Aliyeipata bei elekezi ni yule mwenye hela ya kununua kilo kwa mkupuo, na kwa maoni yangu hili ndilo linalosahaulika kila bei hizi zinapotangazwa. Bei hutangazwa kwa kipimo ambacho wanunuzi wengi hawakifikii.

Umbali nao una kodi yake. Saruji hutoka kiwandani Pongwe, hapo jirani tu, lakini mfuko uleule ukipanda hadi Lushoto umeshabeba nauli ya lori na vibarua wa kupakia na kushusha. Na soda yenye bei iliyochapwa, ukiinywa hotelini Raskazone huku unatazama bahari, usishangae ikiwa mara mbili. Pale umelipia kiti na upepo.

Upande wa pili ni kulipa chini ya bei elekezi, na hili hutokea zaidi pale maduka yanapobanana. Pita kwenye maduka ya jumla ya Ngamiani. Juisi iliyoandikwa 1,000, katoni ya 24 ukiipata kwa 20,000, kila moja imekuangukia kama 833. Mwenye duka anajua ukivuka barabara utapata nyingine, kwa hiyo anakata faida yake mwenyewe kabla hujafungua mdomo kuuliza bei ya mwisho.

Kiwanda kinaweza kumzuia asishushe? Marekani walilivuta jambo hili kwa karibu karne nzima. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu yao ilikataa mikataba ya mtengenezaji kumfunga muuzaji asiuze chini ya bei fulani; mwaka 2007 mahakama hiyohiyo ikalegeza, na sasa kila kesi hupimwa kwa mazingira yake. Katikati hapo, sheria ya 1958 ililazimisha kila gari jipya libandikwe kwenye kioo chake karatasi yenye bei inayopendekezwa na mtengenezaji. Mnunuzi akawa na namba ya kuanzia kubishana.

Namba ya kuanzia ndiyo kazi kubwa ya bei elekezi kwenye maduka ya friji, televisheni na simu. Unaona 950,000 imekatwa kwa wino mwekundu, chini yake 780,000, na moyo unakuambia umeokoa 170,000. Swali ni kama kuna mtu aliyewahi kuilipa hiyo 950,000. Mara nyingi friji ile haijawahi kuuzwa bei hiyo mjini hapa hata siku moja. Piga picha ya kibandiko cha nyuma chenye namba ya modeli, kisha uliza maduka mawili mengine bei ya modeli hiyohiyo, herufi kwa herufi, maana herufi moja ya mwisho ikibadilika huenda unaulizia friji nyingine kabisa.