Je, wajua kwa nini milio ya michezo ya video hugeuka kwa urahisi kuwa muziki wa klabu?

Msikilizaji wa muziki wa klabu wa andagraundi, ule unaotengenezwa vyumbani na kusambaa kimyakimya, huenda amewahi kushtuka kusikia katikati ya mdundo mzito mlio anaoufahamu tangu utotoni: sarafu inayookotwa, ngumi inayotua au mhusika anayeruka. Wengi husema kinachowavuta watayarishaji ni kumbukumbu ya utoto. Si uongo, lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu ipo milio mingi ya utotoni ambayo hakuna aliyewahi kuifanya muziki. Sababu kubwa zaidi imo katika namna milio hiyo ilivyotengenezwa.

Tuanze na Space Invaders, mchezo uliotoka Japani mwaka 1978. Ndani yake zipo noti nne nzito zinazoshuka na kujirudia bila kukoma, na kadiri mchezaji anavyowapunguza wavamizi, ndivyo zinavyokwenda mbio zaidi na kumpandisha presha. Besi inayojirudia na mwendo unaoongezeka ni mbinu ambayo kila DJ anaifahamu, nayo ilikuwa tayari ndani ya mashine ya mchezo. Mwaka uleule, kundi la Yellow Magic Orchestra la Tokyo liliiga milio ya michezo ya aina hiyo kwa sinthesaiza, yaani kinanda cha kuunda sauti kwa umeme, katika albamu yake ya kwanza.

Mashine za nyumbani zilizofuata zilikuwa na uwezo mdogo mno. Chipu ya Famicom, mashine ya Nintendo iliyouzwa Japani kuanzia mwaka 1983, ilitoa sauti tano tu kwa wakati mmoja: mbili za wimbi mraba, moja ya wimbi pembetatu, moja ya kelele tupu, na moja ya kupigia vipande vifupi vilivyorekodiwa kwa ubora hafifu. Mtunzi ambaye hakuwa na nafasi ya kupiga kodi nzima, yaani noti kadhaa kwa pamoja, alizipiga noti zake mojamoja kwa kasi kubwa hadi sikio likaziunganisha lenyewe. Kwa kuwa hakuwa na ngoma, aliikata ile kelele vipande vifupi ikasikika kama matoazi. Tena kumbukumbu ilikuwa finyu: Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ilienea yote, picha na muziki, katika kilobaiti 40, kwa hiyo wimbo ulilazimika kuwa mfupi na kujirudia. Kwa maoni yangu hapa ndipo siri ilipo, kwa kuwa wimbo mfupi unaojirudia, wenye noti za mbio na ngoma za kelele, una umbo lilelile la muziki wa klabu.

Jambo la pili ni mahali ambapo milio hiyo inakaa katika sauti nzima. Ilikusudiwa kupenya kwenye spika ndogo za televisheni, au katika kumbi zenye makumi ya mashine zinazolia kwa pamoja, na wimbi mraba lina makali yanayoipenyeza sauti hata palipo na kelele. Nguvu yake nyingi iko katikati na juu. Huku chini hakuna kingi. Mtayarishaji anaporudisha ngoma kubwa na besi katika nafasi hiyo iliyo wazi, sauti hizo hazigombanii nafasi. Mlio wa sarafu ya Mario, ambao ni noti mbili tu, ya pili ikiwa juu ya ya kwanza, unaweza kukatwa, kutandazwa kwenye vibonye vya sampla, yaani kifaa cha kupigia vipande vya sauti vilivyorekodiwa, kupandishwa au kushushwa, na ukawa melodi kamili.

Mkondo huo haukutiririka upande mmoja. Mtunzi wa Kijapani Yuzo Koshiro alipotunga muziki wa mchezo wa Streets of Rage mwaka 1991, alichota waziwazi kutoka house na tekno, mitindo ya muziki wa klabu. Chipu ya Yamaha iliyokuwa ndani ya Mega Drive, mashine ya Sega ambayo mchezo huo ulichezwa, ilitumia mbinu ileile ya kuunda sauti iliyokuwa katika kinanda cha DX100, ambacho watayarishaji wa tekno wa Detroit walikipenda. Mwaka uliofuata mtayarishaji Richard D. James, kwa jina la Power-Pill, alitoa tekno iliyojengwa kwa milio ya mchezo wa Pac-Man. Huko London, baadhi ya vijana walioanzisha grime, muziki wa kufokafoka juu ya mdundo wa kielektroniki, mwanzoni mwa miaka ya 2000 walitengeneza biti zao kwa Music 2000, programu ya muziki ya mashine ya michezo ya PlayStation, na mwaka 2010 msanii D Double E akatoa wimbo wa grime uliojengwa kwa sauti za mchezo wa Street Fighter.

Kubaki kwa muziki huu andagraundi kuna sababu ya kisheria pia. Milio na nyimbo za michezo ni mali ya kampuni, na kibali chake si rahisi kwa mtu anayefanya kazi chumbani kwake, kwa hiyo biti nyingi za namna hii hutolewa kwa nakala chache au hupewa ma-DJ mkononi. Wapo walioamua kutonakili kitu chochote, bali kuipiga mashine yenyewe kama ala. Mwaka 2000 Johan Kotlinski wa Uswidi alitoa LSDj, programu inayoigeuza Game Boy, mashine ndogo ya michezo ya mkononi, kuwa studio ya sauti nne. Anayeitumia huchomeka waya katika tundu lilelile la vipokea sauti ambalo mtoto alilitumia kucheza bila kuwaamsha wazazi, na upande wa pili wa waya huo zipo spika za klabu.