Mtoto mdogo sana kuliko wenzake: maswali na majibu kuhusu jeni ya PCNT

Kwa wazazi, wakunga na wauguzi wa Bukavu.

Jeni hii ina kazi gani?

Iko kwenye kromosomu (kifurushi cha jeni ndani ya seli) ya 21, na ndiyo inayoagiza protini iitwayo perisentrini. Protini hiyo hukaa kwenye sentrosomu, kiungo kidogo ndani ya seli kinachopanga nyuzi zake. Seli ikitaka kugawanyika, sentrosomu mbili hujipanga pande mbili, zikatoa nyuzi za kuvuta nakala za kromosomu, hizi huku, zile kule. Perisentrini hushikilia mahali nyuzi zinapoanzia. Ikikosekana, nyuzi hujipanga vibaya, kugawanyika huchelewa, seli nyingine hufa. Mtoto hujengeka kwa seli chache tangu tumboni, mifupa na ubongo pia. Ugonjwa huu wa udogo wa kupindukia huitwa MOPD II, na mwaka 2008 ndipo ilipojulikana kwamba chanzo chake ni PCNT.

Kwenye maternite tutaujuaje?

Mimba imetimia miezi tisa, lakini mara nyingi mtoto hafiki gramu 1500. Pima kichwa kwa utepe usiovutika: upite juu ya nyusi, juu ya masikio, hadi pale kisogo kinapotokeza zaidi. Pima mara tatu, andika kipimo kikubwa, urudie baada ya saa 24, kwa sababu kuzaliwa hubana kichwa. Kwa aliyetimiza miezi, chini ya sentimita 31.9 kwa mvulana au 31.5 kwa msichana ni kichwa kidogo. Hapo usikimbilie jeni: kaswende, pombe wakati wa mimba na maambukizi mengine husababisha hayo pia. Uhakika hutoka kwenye kipimo cha DNA cha damu.

Mkanda wa kupima unene wa mkono unasoma nyekundu, na mtoto amekula Plumpy'Nut (chakula cha tiba cha karanga) miezi mingi bila kurefuka. Mama hamlishi?

Tafadhali, mama asilaumiwe kabla ya kupima. Nyekundu ni chini ya milimita 115, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, na mkono wa mtoto huyu ni mwembamba kwa umbile. Linganisha uzito na urefu wake, siyo na umri. Chakula kingi hakitamrefusha, hata homoni ya ukuaji haisaidii; wengi huishia karibu sentimita 100 wakiwa watu wazima. Lakini naye anaweza kupata utapiamlo kama mtoto yeyote. Miguu yote miwili ikivimba, atibiwe siku hiyohiyo.

Hatari kubwa ni ipi?

Mishipa ya damu ya kichwani. Udogo wenyewe siyo unaoua. Hili ndilo tungependa kila familia ilijue. Mishipa hiyo huziba polepole au hufanya uvimbe unaoweza kupasuka, hata utotoni, bila dalili yoyote ya mapema. Kwa hiyo picha ya mishipa kwa mashine ya MRI hupigwa mara ugonjwa unapojulikana, kisha kila baada ya miezi 12 hadi 18. Mshipa uliobana unaweza kufanyiwa upasuaji wa kupitisha damu njia nyingine. Mkono mmoja ukilegea ghafla, mdomo ukipinda, maneno yakikwama, au kichwa kikiuma ghafla kupita kiasi, ni hospitali mara moja, hata kama dalili zimeondoka baada ya dakika kumi.

Akiharisha msisubiri: kukaukiwa maji kunaweza kuziba mshipa uliokwisha kubana. Kama hakuna pakiti ya ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini), changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Apimwe pia shinikizo la damu na sukari kila mwaka. Shingo ikiwa nyeusi na ngozi yake nene, sukari ipimwe mapema.

Kuna aliyemroga?

Hapana. Baba na mama kila mmoja ana nakala moja ya jeni hii yenye kasoro, na wao ni wazima. Mtoto alirithi zote mbili. Kila mimba yao ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mwenye ugonjwa huu. Wengi wa watoto hawa huzungumza, huelewa na husoma, wengine polepole, waandikishwe shule.

Malaria ikimpata?

Dawa ihesabiwe kwa kilo. Mtoto wa miaka sita mwenye kilo 8 hapewi pakiti ya umri wake: kwa artemether-lumefantrine ya miligramu 20/120, ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku, siku tatu, pamoja na chakula au maziwa. Andikeni kilo zake kwa herufi kubwa mbele ya kitabu chake cha kliniki.