Kutoa taarifa ya ugonjwa wa kuambukiza: maana yake, na kwa nini taarifa haisubiri maabara

Afisa afya wa kata anaposema ugonjwa fulani ni "wa kutolewa taarifa", hamaanishi kwamba ni mbaya kuliko mingine yote. Shinikizo la damu linaua watu wengi, na bado mgonjwa wake hapigiwi simu ya haraka wilayani. Surua inaweza kumpitia mtoto mmoja ikamwacha salama, lakini lazima ijulikane siku hiyo hiyo. Kinachopimwa ni kasi ya ugonjwa kuhama kutoka mtu hadi mtu, na kama kuna jambo la kuwafanyia wale ambao bado hawajaugua.

Kwa hiyo, kutoa taarifa ni kuifikishia mamlaka ya afya ya eneo lako habari za mgonjwa, au za kifo, ili hatua zichukuliwe kwa ajili ya watu wengine. Matibabu ya mgonjwa mwenyewe yanaendelea kwa njia yake. Tanzania Bara wajibu huu umewekwa na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Kuna magonjwa ya kutolewa taarifa ndani ya saa 24, kama kipindupindu, surua, kimeta, homa za virusi zinazosababisha kutokwa damu, na kupooza kwa ghafla kwa mtoto. Mengine hujumlishwa kwa wiki.

Panapochanganya wengi, hata baadhi ya wahudumu, ni hapa: taarifa inatolewa kwa kuhisi. Chukua zahanati ya kijijini wilayani Bahi, hapa mkoani Dodoma. Anafikishwa mtu mzima anayeharisha maji matupu tangu usiku, macho yamedidimia, ngozi ukiifinya hairudi upesi. Zahanati haina uwezo wa kuotesha vimelea, yaani kuvikuza maabara ili vitambulike, na haitakiwi kuwa nao. Mganga mfawidhi anaanza kumrudishia maji mgonjwa, na wakati huo huo anamwarifu mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa halmashauri kwamba ana "mhisiwa" wa kipindupindu. Sampuli itafuata. Dalili za kipindupindu zinaweza kuanza saa chache tu baada ya mtu kumeza vimelea, au siku hadi tano. Ukikaa kungoja karatasi ya maabara, kisima kile kile kinaendelea kutekwa maji.

Majibu yakirudi kwamba si kipindupindu, hakuna aliyekosea. Tena kuna ugonjwa mmoja ambapo majibu ya "siyo" ndiyo yanayotarajiwa. Kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayelegea mkono au mguu ghafla hutolewa taarifa kwa kuhofia polio, na huchukuliwa sampuli mbili za kinyesi zilizopishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu alipoanza kupooza. Karibu wote hukutwa hawana polio, wamepooza kwa sababu nyingine. Hata hivyo kipimo cha kimataifa kinataka wapatikane watoto wa aina hiyo angalau mmoja kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka. Eneo lisilompata hata mmoja halipongezwi. Linaulizwa kama kweli linatafuta.

Ndiyo maana kituo kisichokuwa na mgonjwa nacho kinatakiwa kuandika sifuri kwenye ripoti ya wiki. Sifuri iliyoandikwa inasema: tumeangalia, hakuna. Nafasi iliyoachwa wazi inaweza kuwa hakuna mgonjwa, au aliyehusika yuko likizo, au simu haikuwa na chaji. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi inayodharauliwa kuliko zote katika mfumo mzima, maana haina msisimko wowote.

Kutoka kituoni habari huenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Jiji, kisha wa Mkoa, hadi Wizara ya Afya, ambayo siku hizi makao yake ni hapa hapa Dodoma. Kwa tukio linaloweza kuvuka mipaka, Kanuni za Afya za Kimataifa zinaipa nchi saa 24 baada ya kulitathmini kuliarifu Shirika la Afya Duniani. Kutangaza mlipuko hadharani ni hatua tofauti, na ni kazi ya serikali. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko wa Marburg mkoani Kagera, moja ya zile homa za virusi za kutokwa damu, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani.

Mkoa wetu una sababu ya kuongeza mlango mwingine: mifugo. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka mwaka 2007 baada ya mvua kubwa, Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Ugonjwa ule huanza kuonekana zizini, mbuzi, kondoo na ng'ombe wakitupa mimba kwa wingi na ndama wakifa, kabla watu hawajajaa wodini. Mfugaji akimwambia afisa mifugo mapema, tayari ameisaidia hospitali. Vivyo hivyo ng'ombe anayekufa ghafla akitoka damu puani. Huyo hachunwi wala haliwi. Anatolewa taarifa, maana huenda ni kimeta.

Wala hulazimiki kuujua ugonjwa kwa jina. Mwaka 2016 watu wa wilaya za Chemba, Kondoa na Kiteto walianza kuugua wakiwa na macho ya njano, matumbo kujaa na kutapika. Hakuna aliyejua ni nini. Uchunguzi ulikuja kuonyesha ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu, kwenye mahindi: wagonjwa 68, waliofariki 20. Haikuwa ya kuambukiza hata kidogo, lakini iliingia kwa mlango huu huu, wa watu kadhaa wa eneo moja kuugua kwa namna inayofanana.

Wengi husita kwa kuogopa aibu. Jina na kijiji cha mgonjwa huandikwa ili timu iweze kumfikia yeye na aliogusana nao, na ni siri ya kazi. Kuirusha picha yake kwenye kundi la WhatsApp la mtaa si kutoa taarifa. Kunamfanya ajifiche, na wa pili atakayeugua atajificha zaidi.

Mwananchi anaweza kumwambia mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mtendaji wa kijiji au mtaa, kituo cha karibu, au kupiga 199 ya Wizara ya Afya bila malipo. Sema ni wapi, wangapi, dalili gani, zimeanza lini, na kama kuna aliyekufa. Jina la ugonjwa waachie wao.