Nadiya Savchenko: tumuite shujaa au msaliti? Tuanze na yaliyotokea kweli

Jina la Nadiya Savchenko, mwanajeshi wa Ukraine aliyewahi kuwa mbunge, likitajwa tu watu wanagawanyika, huku shujaa kule msaliti, na pande zote mbili zinasimulia vitu ambavyo havikutokea. Inaniuma kwa kweli, maana stori yake ilivyo inatosha kabisa, haihitaji kutiwa chumvi.

Eti ndege yake ilitunguliwa. Hapana jamani, ni kweli alikuwa mwanajeshi wa anga, kazi yake mwongoza njia kwenye helikopta ya kivita Mi-24, ila siku anakamatwa Juni 2014 alikuwa chini kwa miguu yake, yuko na kikosi cha wapiganaji wa kujitolea cha Aidar karibu na Luhansk, mashariki mwa Ukraine. Waliomkamata ni wapiganaji waliotaka kujitenga na Ukraine, baadae kidogo tunasikia yuko mahabusu Urusi. Urusi wakasema alivuka mpaka mwenyewe, yeye akasema alipelekwa kwa nguvu.

Kuna na hili la Donetsk, linachanganya wengi mno. Ukisoma alihukumiwa Donetsk unajua ni ule mji wa Ukraine, kumbe kuna Donetsk nyingine, kamji kadogo ndani ya Urusi, mkoa wa Rostov, hapo hapo mpakani. Huko ndo alipigwa miaka 22, Machi 2016, kwa vifo vya waandishi wawili wa televisheni ya Urusi, Igor Kornelyuk na Anton Voloshin, waliouawa kwa makombora. Mawakili wake walileta rekodi za simu kuonyesha kwamba makombora yanapigwa yeye alikuwa keshakamatwa, mahakama ikakataa. Hukumu inasomwa, yeye yuko ndani ya kizimba cha vioo anaimba kwa Kiukraine.

Wengine wanasema ubunge alizawadiwa aliporudi. Tarehe zinakataa! Alichaguliwa Oktoba 2014 akiwa bado mahabusu, jina lake la kwanza kabisa kwenye orodha ya chama cha Batkivshchyna cha Yulia Tymoshenko. Kurudi ni 25 Mei 2016, Putin kasaini msamaha, Ukraine nayo ikaachia wanajeshi wawili wa Urusi. Akashuka Boryspil, uwanja wa ndege wa Kyiv, akatembea peku, Tymoshenko anampa maua anayakataa, na hapo ungeshajua huyu hapangiki na chama chochote.

Sasa kwenye usaliti. Desemba 2016 alienda Minsk, mji mkuu wa Belarus, kuonana na viongozi wa waliojitenga, Zakharchenko na Plotnitsky, bila kutumwa na mtu, akasema anafuatilia wafungwa waachiwe, chama kikamkana. Ila kwamba alinunuliwa na Urusi, hilo mpaka leo hakuna mahakama iliyolithibitisha. Na wanaomtetea kwa kila kitu nao wakumbuke 2017 alitoa maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi hadharani, hilo usilifunike.

Kubwa kuliko yote ni "alifungwa kwa kutaka kupindua serikali". Hajawahi kufungwa kwa hilo. Tarehe 22 Machi 2018, miaka miwili kamili tangu ile hukumu ya Urusi, mwendesha mashtaka mkuu wa Ukraine Yuriy Lutsenko aliwaonyesha wabunge video zilizorekodiwa kwa siri, akidai Savchenko na Volodymyr Ruban, mtu wa kujadiliana kuhusu wafungwa, walipanga kulipiga bunge kwa mabomu na kuwamalizia kwa risasi watakaobaki hai. Yeye hakukana kuwa maongezi yalikuwepo, alisema ni mchezo wa kisiasa. Wabunge wakamvua kinga ya ubunge, akakamatwa siku hiyo hiyo, akagoma kula tena kama alivyogoma Urusi. Aprili 2019 muda wa kumshikilia ukaisha bila kuongezwa, akatoka. Kwahiyo kutoka kule sio kushinda kesi, na kukaa ndani ule mwaka mzima sio kuhukumiwa, watu wanavichanganya hivi vitu viwili kila siku.

Mwaka huo huo akagombea tena ubunge, akakosa. 2021 akasimamishwa pale pale Boryspil alipotembea peku, safari hii kwa cheti cha chanjo ya korona kilichosemekana ni feki.